Utakatwa Mchana

Pikapu ikivuta kushoto, Mama Pacha huvuta kulia. Ikichoka kushoto hukurupuka ikataka kulia, naye huirudisha. Ndivyo walivyokwenda asubuhi ile, yeye na gari, kama watu wawili wanaogombea shuka moja. Nyuma alibeba mlango wa chuma wa duka, umefungwa kamba, na kila pikapu ilipoyumba mlango uligonga ubavu wa bodi, ngwa! ngwa!, mtaa mzima ukajua nani anapita.

Watu wa benchi walijua kabla ya mlio. Benchi lilikuwa mbele ya kibanda cha mziba pancha, na waliolikalia hawakuwa na pancha wala gari. Mmoja wao, mwembamba, aliruka mtaro akakumbatia nguzo ya umeme.

"Jamani, kila mtu na roho yake! Mama Pacha huyo!"

"Shemeji, chagua upande mmoja tukuelewe!"

"Mwacheni, anaipiga barabara pasi."

Mama Pacha hakuwatazama. Majibu alikuwa nayo tele, ila mikono yote ilikuwa kazini, na mtu anayepigana hana nafasi ya kutukana.

Mkandarasi alikuwa akijenga safu ndefu ya maduka, na kila duka lilitaka mlango wa chuma na madirisha ya nondo. Kazi hiyo yote alimpa Cheche, fundi wa kuchomelea, mume wa Mama Pacha. Kazi kubwa kama hiyo haikuwahi kuingia nyumbani kwao. Cheche alichomelea, mkewe akasafirisha, kwa sababu leseni ya nyumba ile ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya mke.

Pikapu ilipoingia kwenye uwanja wa ujenzi ilipepesuka ikaenda kando, ikaangusha rundo la matofali. Yaliyovunjika hayakujaza hata karai, lakini vibarua wote walisimamisha makoleo yao, maana kicheko cha bure hakikosi wateja.

"Simama! Simama hapo hapo!" Mkandarasi alikuja akiwa ameshika kofia yake ngumu mkononi. "Shuka, mama."

"Niifikishe tu pale kwenye..."

"Nimesema shuka. Wewe!" Akamwita dereva wa lori la mchanga. "Hebu mwegeshee mama huyu gari lake asije akatuulia mtu."

Mama Pacha alishuka. Alisimama juani, mikono imekunjwa, akimtazama mwanamume asiyemjua akiingia mahali pake na kuirudisha pikapu nyuma taratibu mpaka ukutani.

"Umeona?" mkandarasi akasema. "Gari zima kabisa."

"Bosi, umbali ule hata mkokoteni ungenyooka. Ipeleke barabarani uone. Inavuta. Kila siku niko gereji kwa ajili yake."

"Mama, gari halina akili. Mwenye akili ni anayeshika usukani." Aliwatazama vibarua ili wacheke, nao wakacheka, maana siku ya malipo ilikuwa karibu. "Sikiliza. Milango ya Cheche naitaka. Wewe kwenye usukani sikutaki. Mwambie atafute dereva. Akishindwa, kazi iliyobaki nampa mwingine. Mafundi wa kuchomelea ni wengi kuliko mbu."

Mama Pacha hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja gereji, kwa fundi wa magari aliyeitwa Spana. Tangu pikapu ianze ugonjwa wake wa kutangatanga, Spana ndiye aliyekuwa daktari, na fedha iliyowekwa kwa ajili ya sare za shule za pacha iliishia kwenye magurudumu ya mbele.

"Spana, niambie ukweli. Bado nini?"

Spana alifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Mbele nimemaliza, shemeji. Vichwa vya rodi vipya, bolijointi mpya, boksi ya usukani nimeibana. Mbele hapana neno."

"Na nyuma?"

Spana akakohoa. "Nyuma hakuna usukani, shemeji."

Vijana wa gereji waliangua kicheko. Spana mwenyewe hakucheka. Mama Pacha aliliona hilo, akaliweka. Alikuwa mtu wa kuweka. Mwingine akikosa kulielewa jambo hulitupa, yeye hulichomeka mahali kama sindano kwenye mto, ajue pa kulipata siku akilitaka.

"Labda ushike kwa nguvu kidogo," Spana akasema huku akiokota bisibisi ambayo hakuwa na haja nayo.

*

Mama Pacha na Cheche walikaa vyumba viwili nyuma ya karakana. Chakula chao kilinusa chuma kilichoungua, na nguo zao zote zilikuwa na vitundu vidogo vidogo vya cheche, hata zile za kutokea. Karakana ilikuwa na maandishi makubwa ukutani: KAZI YA CHECHE HAIRUDI. Na kweli ilikuwa haijarudi. Tangu aanze kazi, hakuna mtu aliyewahi kumrudishia geti, dirisha, wala kiti.

Jioni ile Cheche alikula akiwa ameinamia sahani. Macho yake yalikuwa mekundu kama kawaida, lakini hayakutulia.

"Mkandarasi kapiga simu," akasema.

"Kasema nini?"

"Unajua alichosema."

"Nataka nikisikie kinywani mwako."

Cheche akameza. "Kesho anakuja kijana mmoja, dereva. Atapeleka milango iliyobaki. Ni ya muda tu, Mama Pacha. Mpaka kazi iishe."

"Na ujira wake?"

"Utatoka humo humo."

"Humo humo ambamo sisi wenyewe tunachungulia hatuoni kitu?"

Mama yake Cheche alikuwa ameketi mlangoni akichagua mchele, pacha wamelala mmoja kila paja. Alisema bila kuinua macho, "Mwanangu, leseni ya nyumba hii ni moja, na picha iliyobandikwa si yako wala ya huyo kijana."

"Mama, usiingilie."

"Sijaingilia, nimekaa tu. Nyumba yenyewe ndogo, mtu akikaa ameshaingilia."

Mama Pacha aliweka kijiko chini. "Baba Pacha, wewe unaamini ni mimi?"

"Watu wanasema..."

"Sikuuliza watu."

Cheche alinyanyuka akaenda kunawa, na alinawa kwa muda mrefu kuliko aliokula.

*

Dereva wa kukodi alikuja asubuhi na miwani ya jua ingawa jua lilikuwa bado halijaamua. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Alikivuta kiti nyuma, akakigeuza kioo, kisha akautoa mto ambao Mama Pacha aliukalia ili aione barabara vizuri. Akampa kupitia dirishani.

"Mto wako, mama."

Basi Mama Pacha akabaki kando ya barabara, amekumbatia mto kama mgeni aliyefukuzwa kabla ya chakula. Pikapu iliondoka. Ilipofika kwenye lami ikaanza tabia yake: kushoto, ikarudishwa, kulia, ikarudishwa. Milango ikagonga, ngwa! ngwa! Kijana alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote, na miwani ikamtelemka mpaka puani.

"Barabara hii imekwisha," alisema yule mwembamba wa benchi.

"Mashimo matupu."

"Kijana mwenyewe kajitahidi. Asingekuwa mwanamume hapo angekwisha pinduka."

Mama Pacha aliyasikia yote. Siku nyingine yangemuuma. Leo yalipita juu kama ndege, kwa sababu macho yake yalikuwa yamenasa pengine. Miaka yote aliyoiendesha pikapu ile, hakuwahi kuiona ikienda. Mwenye nyumba hajui moshi wa jiko lake unavyoonekana kwa jirani. Sasa alikuwa nyuma yake kwa mara ya kwanza, naye akaona jambo ambalo mtu aliye ndani haoni kamwe: pikapu ilikwenda mbele huku imegeuza bega. Tairi la mbele la kushoto lilichungulia nje ya lile la nyuma. Gari zima lilitembea kiupande, kama mtu anayepenya kwenye umati.

Akashuka barabarani. Pikapu ilikuwa imekanyaga dimbwi, na lami ya mbele yake ilikuwa imeanza kukauka. Gari lililonyooka, matairi ya nyuma hukanyaga palepale yalipokanyaga ya mbele. Hapa kila tairi lilikuwa limejichorea njia yake.

"Shemeji, umedondosha nini?" wa benchi wakauliza.

"Nimeokota," akasema.

Pikapu iliporudi tupu alimwomba kijana aizime, akatandika gunia, akalala chini yake. Dereva wa kukodi alitazama miguu ya mwanamke ikiwa imetokeza chini ya bodi, akaona aibu isiyokuwa na sababu, akaenda kununua soda.

Upande wa kulia, nyuma, kuna kipande cha chuma kinachoshika kichwa cha springi kwenye chesisi. Kipande hicho kilikatika siku walipobeba mageti mengi kupita kiasi. Mama Pacha alitaka kununua kingine, lakini Cheche alicheka. "Ununue chuma, na umeolewa na chuma?" Alikirudisha mwenyewe, akakichomelea na kukipaka rangi nyeusi. Mshono ulikuwa pale, umejipanga kama magamba ya samaki. Mama Pacha angeutambua popote, kama mtu anavyotambua kikohozi cha mumewe kwenye msiba wa watu mia.

Mshono ulikuwa mzuri. Lakini mbele yake kidogo, upana wa kidole gumba, chuma cha chesisi kilikuwa na baka jepesi lenye umbo la kile kipande, mahali kilipokuwa kimekaa tangu kiwandani. Cheche alikirudisha kwa macho tu, bila kupima, na kwa kukirudisha nyuma kidole kimoja aliirudisha nyuma springi, na springi ikaivuta ekseli nzima ikakaa mshazari. Matairi ya nyuma yalikuwa yakielekea kwao, na ya mbele kwao. Katikati yake alikuwa yeye, na watu wakimcheka.

Hapo akaikumbuka ile sindano aliyoichomeka gerejini: Spana hakucheka.

*

Spana alimwona anavyokuja akajua.

"Uliuona," Mama Pacha akasema.

"Shemeji..."

"Uliuona mshono au hukuuona?"

Spana aliwafukuza vijana kwa mkono, wakasogea hatua moja wasije wakakosa neno. "Niliuona. Nikamwendea mwenyewe nikamwambia kwa siri. Akasema ataangalia. Shemeji, wewe mke wa fundi, unajua. Mshono wa fundi haukatwi na fundi mwingine mpaka mwenyewe atoe ruhusa. Wala hausemwi mbele ya mteja. Ndiyo heshima yetu. Leo ukimkata mwenzako, kesho unakatwa wewe."

"Na mimi nimekatwa na nani?"

Spana akakwangua grisi kwenye kucha.

"Ukaendelea kunibadilishia vya mbele."

"Vilikuwa vimechakaa kweli."

"Vyote?"

Spana aliangalia meza yake ya kazi kana kwamba jibu limefichwa kati ya nati.

"Basi chukua jeki," Mama Pacha akasema. "Jeki kubwa. Ulete kwetu sasa hivi. Kukata hutakata wewe, usiogope heshima yako."

*

Mama Pacha aliiegesha pikapu mbele ya mlango wa karakana, ikauziba kabisa. Ndani Cheche alikuwa akichomelea, na mwanga wa samawati ulipigapiga kuta. Alizima mashine, akainua kinyago.

"Mama Pacha, toa gari. Milango hii inangojwa."

"Litatoka likinyooka."

"Likinyooka vipi? Spana si ameshasema..."

"Spana hakusema. Hilo ndilo tatizo."

Cheche alitazama nyuma ya mkewe. Spana alikuwa anakuja na jeki begani, na nyuma yake lilikuwa benchi zima, maana watu wa benchi hunusa ugomvi kama paka anavyonusa dagaa. Sauti yake ikashuka.

"Twende ndani tuongee."

"Tuongee hapa."

"Mshono ule ungebeba treni!"

"Ungebeba. Sijasema umeachia. Umeshika, tena umeshika sawasawa, mahali pabaya." Akaonyesha kidole gumba chake. "Hivi. Umekosea hivi tu. Ulijua?"

Cheche alivua kinyago kabisa. Bila kinyago alionekana mdogo, paji la uso jeusi, kidevu cheupe kwa vumbi. Alijua angeweza kusema hapana. Alimtazama Spana, akaona hapana hiyo haina mahali pa kukaa.

"Nilijua. Spana aliponiambia, nikalala chini nikapima. Nikajua."

"Ukanyamaza."

"Nilitaka kazi ya mkandarasi iishe kwanza! Akisikia Cheche amechomelea gari lake mwenyewe likaenda upogo, milango yangu ataiamini? Mtaa huu utaniamini?"

"Ukaona afadhali wasiniamini mimi."

"Wewe ni mke wangu. Maneno ya mtaani yangepita."

"Yamepita kweli. Yamepita juu yangu, na viatu vyake."

Hakuna aliyecheka. Mwembamba wa benchi aligundua kwamba anatazamwa na mama yake Cheche, akajifanya anasoma maandishi ya ukutani. Alipoyasoma akaona afadhali aangalie chini.

Cheche akasogea karibu, akasema kwa sauti ya kusihi, ile sauti ya chumbani. "Nimekosa. Nitaukata. Acha usiku uingie, watu walale, nitaukata na kuuchoma upya. Asubuhi utakuta gari zima. Hakuna atakayejua, na wewe utaendesha kama zamani."

"Hapana."

"Unataka nini, Mama Pacha? Uniaibishe?"

"Waliponicheka ilikuwa mchana," akasema. "Mshono utakatwa mchana."

Akatoa simu mfukoni, akampigia mkandarasi palepale, mumewe akimtazama kama mtu anayetazama mtoto akikimbilia barabarani.

"Bosi, mimi mke wa Cheche. Milango itachelewa mpaka alasiri. Gari lilichomelewa vibaya nyuma. Ndiyo. Aliyelichomelea ni mume wangu, na yeye ndiye analikata sasa hivi. Milango yako aliichomelea kwa kupima, gari alilichomelea kwa macho. Ipime mwenyewe ukitaka. Na atakayeileta ni mimi." Akasikiliza. "Gari likiyumba, usishushe mlango hata mmoja." Akasikiliza tena. "Haya, mtafute fundi mwingine. Lakini kwanza nione nikifika, ndipo umtafute."

Akakata simu. Akaitia mfukoni.

"Kasema nini?" Cheche akauliza.

"Kasema alasiri si mbali."

Dereva wa kukodi alisogea na chupa yake ya soda. "Sasa mimi?"

"Wewe mwana wa watu huna kosa. Chukua ujira wa safari yako. Lakini useme kweli mbele ya hawa: ilikuwa barabara?"

Kijana alitazama benchi, akavua miwani. "Si barabara," akasema. "Hilo gari lilitaka kuniua."

Mama yake Cheche alikuwa ametoka na kigoda. Alikiweka juani, mbele ya pikapu, akaketi, akawapakata pacha. "Mimi nimekwisha kaa," akasema. "Na leo, mwanangu, nimeingilia. Kata."

Cheche alisimama katikati ya watu aliowatengenezea milango yao yote. Angeweza kutupa kinyago chini akaondoka, alilifikiria hilo. Kisha akaenda kutoa waya wa betri ya pikapu, isije ikaunguzwa na mashine, kwa sababu hata mtu aliyeaibika huanza na lililo la kwanza. Spana akaweka jeki, chesisi ikainuka, springi ikalegea. Grainda ya kukatia chuma ikalia. Mshono mzuri kama magamba ya samaki ukafa kwa mlio uliosikika mpaka sokoni, na cheche zake hazikung'aa sana, maana jua lilikuwa kali.

Kipande kilipoachia, Mama Pacha alichukua uzi wa kupimia. Upande wa kushoto, ulio mzima, waliuvuta kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, akaufunga fundo. Kisha wakahamia kulia. Spana alishika ncha ya mbele. Yeye akapiga magoti nyuma, fundo likiwa kati ya vidole. Cheche alilala chini na nyundo.

Akagonga. "Hapo?"

"Bado."

Akagonga. "Hapo?"

Gurudumu lilikuwa limekaribia fundo kuliko jana, kuliko miezi yote. Kwa macho ya mtu yeyote pale, lilikuwa limefika.

"Mama Pacha, imefika hiyo," Spana akanong'ona.

"Bado."

Jasho la Cheche lilidondoka kwenye gunia. Kule chini hakuona uso wa mkewe. Aliona magoti yake tu, na mbele ya magoti uzi uliokazwa. Angeweza kukisia. Alikuwa fundi wa kukisia, na kwa kukisia alikuwa amejenga jina. Aligonga taratibu, mara moja, kama mtu anayebisha hodi.

"Hapo?"

Watu wa benchi walikuwa wameinama wote, wakitazama fundo. Mama Pacha hakuharakishwa na yeyote. Aliulegeza uzi, akaukaza upya, akafumba jicho moja, akafumbua.

Cheche alishusha kinyago, akasogeza kishikio cha mashine karibu na chuma, kisha akasita. Hakugusa. Alingoja.

"Hapo," mkewe akasema. "Sasa choma."